Karte sita ndani ya ordinateri moja: makuta ya dekonti inakwenda wapi?

Ba ndugu wa mgodini, na ninyi ba mama wa kambi, tangu miezi michache watu wanakuja kwenye biro ya sendika na swali moja. Mtu amepokea dekonti yake ya mwisho wa kazi, na kijana wa mtaani anamwambia: nunua ordinateri yenye karte za grafiki sita, itakuchimbia makuta usiku na mchana, weye umelala. Neno hili "kuchimba" linatuvuta, juu ni kazi yetu. Lakini sisi, mbele ya kutoboa shimo, tunauliza kwanza kama madini iko.

Karte ya grafiki ni kipande kinachotengeneza picha ndani ya ordinateri. Kinapiga hesabu nyingi sana kwa mara moja, ndiyo maana watu waliitumia kuchimba feza ya intaneti inayoitwa Ethereum. Biashara ile ilikuwa ya kweli. Iliisha tarehe 15 Septemba 2022: Ethereum ilibadili mtindo wake wa kazi, na karte za kuchimba zikabaki bila kazi. Zikakimbilia feza ndogondogo zilizobaki, mapato yakaanguka, na nyingi zikauzwa okazio. Zile tulizoonyeshwa hapa ni RX 580, karte ya mwaka 2017.

Muuzaji anapenda kutaja mbuga ya Virunga. Ni kweli, tangu 2020 kule Luviro wanachimba Bitcoin. Ila wao wana mtambo wao wa umeme wa maji, na mashini zao zilitengenezwa kwa kazi ile moja tu. Bitcoin kwa karte ya grafiki ilikwisha zamani.

Sasa ba elektrisye wetu watusikilize. Kiwanda kinaandika wati 185 kwa RX 580 moja. Karte sita ni 1.110, ongeza ordinateri yenyewe, unafika karibu 1.200. Kwa saa 24 ni kilowati-saa 29 hivi, kwa mwezi zaidi ya 860. Muuzaji atasema anashusha nguvu ya karte. Sawa, tukate nusu: bado 430. Faktire ile nani atalipa? Delestaji ikikata, mashini imelala. Ukiwasha grupu, mazuti inakula yote.

Kuna jambo linalotuogopesha zaidi ya faktire. Ordinateri ya kawaida haina nafasi ya karte sita, basi wanazipanga nje, juu ya fremu ya mbao, na kila moja inafungwa kwa kipande kidogo kinachoitwa raiza. Raiza inaweza kuvuta mpaka wati 75. Wengine wanailisha kwa kable nyembamba ya disiki, ambayo kichwa chake kinabeba wati 54 tu. Tulionyeshwa kichwa kimoja, plastiki imeyeyuka na kuwa nyeusi. Na hii yote inawaka usiku kucha, ndani ya chumba wanamolala batoto.

Hatusemi karte mbili hazina faida kabisa. Kijana anayetengeneza filamu za katuni kwa programu ya Blender anaweza kumaliza kazi mbio zaidi, kama programu inakubali karte zake, maana zinagawana hesabu. Ajue tu kwamba memwari haijumlishwi: mbili za giga 8 zinafanya kazi kama giga 8, si 16. Kwa michezo, ya pili ni bure.

Mliokwisha kununua, ondoeni leo zile kable za disiki, mlishe raiza kwa kable nene zinazotoka moja kwa moja kwenye alimantasio. Ordinateri ibaki na karte moja, mtoto asomee. Zingine muuze moja moja. Na kama muuzaji aliwatilisha saini kwenye karatasi inayoahidi mapato ya kila mwezi, ileteni biro Jumamosi asubuhi, mbele ya kulipa sehemu ya pili. Tutaisoma pamoja.