Mshono Ulipotunga Usaha

Kupata maambukizi hospitalini peke yake hakukupi kesi. Wakili alitueleza hilo mapema, na lilituuma: mshono unaweza kutunga usaha hata pale ambapo kila mhudumu ametimiza wajibu wake. Anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba kulikuwa na uzembe, na kwamba uzembe huo ndio uliomdhuru.

Dada yangu, aliyejifungua kwa upasuaji, alikuwa na la kueleza. Muuguzi alisafisha kidonda kibichi cha mgonjwa wa kitanda cha pili, kisha akamgeukia yeye na glavu zilezile. Shangazi aliyekuwa akimuuguza aliona pia. Maneno yao ni ushahidi, lakini karatasi zina nguvu zaidi: faili la wodini, fomu ya kuruhusiwa, majibu ya maabara ya usaha, risiti za dawa. Ombeni nakala mapema, jamani, kabla faili halijapotea! Kisha atafutwe daktari asiyehusika, aieleze mahakama utaratibu sahihi ulikuwa upi.

Muda nao haungoji. Kwa sheria ya Tanzania, madai ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3. Hospitali ikiwa ya serikali, hutangulia notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu huunganishwa kwenye kesi. Malalamiko ya kinidhamu dhidi ya muuguzi hupelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Baraza linaweza kumwadhibu, lakini fidia huamriwa na mahakama. Dada anataka vyote viwili, nami niko naye.