Kipimo Kisemacho Uongo

Kila itajwapo ajali ya kinu cha umeme wa nyuklia cha Fukushima Daiichi, nchini Japani, watu hukumbuka tetemeko la ardhi na mawimbi ya bahari ya tarehe 11 Machi, 2011. Ni haki kuyakumbuka hayo, hasa kwetu sisi tulio watu wa visiwa kama Wajapani wenyewe. Lakini limo katika msiba ule somo jingine lisilotajwa sana, nalo tunaona linamhusu kila aliyekabidhiwa dhamana ya umma. Ni somo la kipimo cha maji.

Tanuri la nyuklia la namna ile sharti liwe na maji daima, ili vijiti vya mafuta yake visiyeyuke kwa joto. Bahari ilipoingia kinuni, umeme ulikatika, betri zikazama, na vipimo vya Tanuri Namba 1 vikazimika. Mafundi wakakusanya betri za magari, wakaziunganisha gizani, na saa 3.19 usiku kipimo cha maji kikafufuka. Kilionyesha kwamba maji yalikuwa sentimita 20 juu ya vijiti. Habari hiyo ilileta faraja, lakini haikuwa ya kweli. Uchunguzi wa baadaye ulibainisha kwamba saa hiyo vijiti vilikuwa vimekwisha kubaki wazi.

Kosa hilo lilitokeaje? Kipimo cha aina hiyo hulinganisha maji ya aina mbili: yale yaliyomo tanurini, na yale ya bomba la pembeni ambalo hutakiwa kubaki limejaa siku zote. Tofauti ya kani kati yake ndiyo hutafsiriwa kuwa kina cha maji. Joto lilipokausha maji ya bomba la pembeni, tofauti hiyo ilipungua, na kipimo kikaonyesha maji mengi mahali pasipo na maji. Hakuna aliyekusudia kudanganya.

Mionzi mikali iliwazuia watu kuingia katika jengo hilo hadi mwanzoni mwa mwezi wa Mei. Walipoingia na kukirekebisha kipimo, ukweli ulitangazwa tarehe 12 Mei. Maji, yaliyodhaniwa kuwa chini ya ncha ya vijiti kwa pungufu ya mita 2, kumbe yalikuwa chini kwa zaidi ya mita 5. Na vijiti vyenyewe vina urefu wa kama mita 4 tu. Ikawa wazi kwamba mafuta yalikwisha kuyeyuka na kuporomoka. Mpango wa kulijaza maji gamba la nje la tanuri ukabidi uachwe. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu siku ya msiba.

Visiwani mwetu hakuna kinu cha nyuklia. Lakini iko mizani ya karafuu, ambayo mkulima huitegemea kwa jasho la msimu mzima. Iko pampu ya mafuta. Kiko kipimajoto cha jokofu la chanjo katika zahanati, na iko geji ya mafuta katika chombo kivukacho bahari na abiria. Kila kimoja kati ya hivyo huweza kuharibika polepole, bila kelele, huku mshale wake ukiendelea kucheza kama kawaida.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa viongozi wetu. Ukaguzi wa vipimo uwe na tarehe yake, na tarehe hiyo iheshimiwe hata pale ambapo hakuna aliyelalamika. Pale penye hatari ya roho za watu, kipimo kimoja kisitoshe; kiwepo cha pili cha kukihakiki, kinachofanya kazi kwa njia nyingine. Na mtumishi atakayesema, "Mzee, tarakimu hizi tulizokuandikia zina kasoro," asikaripiwe. Ashukuriwe, na tarakimu zirekebishwe hadharani.

Wananchi nao wasione haya kuuliza mizani ilikaguliwa lini. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mafundi wa Fukushima waliingia penye mionzi ili wapate tarakimu ya kweli. Sisi tunatakiwa kuingia ghalani na zahanati tu.