Utangulizi: Sindano na Mke wa Mfanyakazi

Historia ya Koni, kituo cha umeme wa maji huko Katanga, Kongo, imezoea kuandikwa kwa zege na mitambo. Tunasimuliwa maporomoko ya mto Lufira, kituo cha Mwadingusha kilichotangulia mwaka 1930, kisha Koni yenyewe, iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ili migodi na viwanda vya kampuni ya shaba ya Union Minière du Haut-Katanga visikose umeme. Mafundi wa kiume wana kurasa zao humo. Wake zao hawaonekani, ila wanapohesabiwa pamoja na posho. Fani ninayokukaribisha, msomaji, yaani historia ya ushonaji wa wanawake, inaanzia kwa wake hao na sindano waliyopewa mkononi.

Kwa nini kampuni ya shaba ijishughulishe na ushonaji? Hapo awali iliajiri vijana wasio na familia kwa mikataba mifupi, na wengi wakafa kwa magonjwa au wakatoroka. Kuanzia mwaka 1928 ikabadili mwendo: mikataba ya miaka mitatu, nyumba kambini, chakula cha mke na watoto. Mwanamume mwenye mke, walisema wakubwa, hatoroki. Tangu hapo mke naye akawa hesabu ya kampuni, na Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa enzi hizo, ikawa na madarasa ya kushona chini ya masista wa Kikatoliki. Baada ya vita yakaja makao ya jamii, yale ambayo watu wa Kongo mpaka leo huyaita foyer: kushona, kutia viraka, kufuma sweta, kupiga pasi, kuogesha mtoto.

Chukua kitambaa cha mazoezi cha darasa la namna hiyo ukisogeze machoni. Juu kuna mshono wa kawaida. Chini yake pindo, tundu la kifungo lililozungushiwa uzi, na mwisho kiraka, nyuzi zake zikifuata nyuzi za nguo kuukuu. Wengi hukimbilia maua yaliyodariziwa. Mimi naona kiraka kinasema zaidi. Anayejua kutia kiraka anaurefusha mshahara wa mumewe bila kampuni kuongeza faranga. Cherehani, chombo cha kuingiza pesa, mara nyingi ilikuwa barazani kwa fundi mwanamume. Mwanamke alifundishwa kazi ya mkono isiyolipwa.

Hata hivyo alipata cheo. Kadi ya sifa za uraia ilipoanzishwa na watawala wa Kibelgiji mwaka 1948, na utaratibu wa kuandikishwa mwaka 1952, Mwafrika aliyetaka kutambuliwa kuwa amestaarabika alikaguliwa mpaka nyumbani: meza imetandikwaje, mke anakula na mumewe au jikoni? Mume ndiye aliyeomba, ila mtihani aliufanya mke. Na elimu ya mwanamke mwenyewe? Sophie Kanza, Mkongo wa kwanza wa kike kumaliza sekondari, alimaliza mwaka 1961, uhuru ukiwa umeshapatikana.

Usidhani, basi, kwamba wanawake walikuwa udongo wa kufinyangwa. Nancy Rose Hunt, katika makala yake ya mwaka 1990 kuhusu makao ya jamii ya Usumbura, Bujumbura ya leo, aliwasikiliza waliopita humo, na walikuwa na hesabu zao. Kwa Katanga, anza na Donatien Dibwe dia Mwembu, aliyeandika juu ya wafanyakazi wa shaba na familia zao akitegemea sana masimulizi yao. Kisha vuka mipaka. Kenya, Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952, mwaka uleule wa hali ya hatari, na serikali ya kikoloni ilitarajia ushonaji uwatenge wanawake na uasi wa Mau Mau. Uganda ina gomesi, vazi lenye jina la fundi Mgoa, ambalo leo Muganda hakubali uliite la kigeni.

Nyaraka za kampuni na za masista utazihitaji, lakini zisome kwa tahadhari. Picha za idara ya habari ya koloni hata zaidi, maana humo kila mwanamke ameinamia kazi na hakuna anayezungumza. Kipimo cha hayo yote ni nguo zenyewe, zile zilizobaki masandukuni. Ukifika Koni, au Panda na Kikula huko Likasi, usimwanzie bibi na swali la ukoloni. Omba kwanza akuonyeshe alichoshona, uliza alikishona kwa ajili ya nani, na uzi ulinunuliwa kwa pesa ya nani.