Kutafuta Nyaraka za Shule kwa Neno

Tuchukue mfano wa mwalimu mpya aliyepangiwa shule katika Kata ya Ibighi, Tukuyu. Anafika mzee mmoja akiomba ithibati kwamba alisoma hapo, maana cheti chake kimeungua. Mvua za Rungwe hazizihurumii karatasi, lakini daftari za zamani zilikwisha kupigwa picha kwa skana. Mwalimu analiandika jina la mzee katika kompyuta, haipati kitu. Je, jina halimo?

Yafaa tufahamu kwamba ukurasa uliopigwa picha una maneno machoni petu tu. Kwa kompyuta ni madoa meusi na meupe. Ili utafutike, hapana budi upitishwe kwanza katika programu ya kutambua herufi. Mojawapo ni Tesseract, iliyoanza kutungwa katika kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kutolewa bure kwa wote mwaka 2005. Kiswahili nacho inakisoma. Nakala ya kaboni iliyofifia huipotosha: herufi l huweza kugeuka tarakimu 1, na neno likapotea.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa lugha yenyewe, kwani maneno yetu hubadilika mwanzoni. Anayetafuta "mwalimu" hampati "walimu". Lakini akiandika "alimu" atapata mwalimu, walimu na ualimu, mradi programu yake inatafuta hata sehemu ya neno. Vivyo hivyo "fundish" huleta alifundisha, watafundisha na hawakufundishwa. (Waliozoea kutafuta vitenzi katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu hawatashangaa.) Zoezi hili laweza kufanywa ubaoni bila kompyuta yoyote, na darasa la sita hulifurahia. Kwa jino na meno hila hiyo haifai. Tutafute mara mbili. Ng'ombe naye husumbua, kwa kuwa kitone chake cha juu huchapwa kwa maumbo mbalimbali.

Majina ya mahali hubadilika pia. Wakati wa Wajerumani Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg. Atafutaye "Tukuyu" katika hati za wakati huo huenda asione kitu.

Sasa tumrudie mzee wetu. Daftari la wanafunzi aghalabu huandikwa kwa mkono, na programu iliyofunzwa maandishi ya chapa hushindwa kabisa na mwandiko wa karani. Hapo mwalimu mwenyewe hana budi kupiga chapa, kando ya kila picha, mwaka, darasa na majina, kama yalivyoandikwa na kama yaandikwavyo leo: jina lianzalo na Mwaky- huenda liliandikwa Mwaki-. Orodha hiyo ni ya siri ya shule, isiachwe wazi kwa kila mpita njia.

Kabla orodha haijakamilika, kompyuta kutojibu si ushahidi wa lolote. Mwalimu amkaribishe mzee kiti, amwulize alianza shule mwaka gani, kisha wazifungue picha pamoja, ukurasa kwa ukurasa.