Kibarua wa Ndani ya Simu Hula Nini?



Siku hizi katika vikundi vyetu, kutoka Diani hadi Msambweni, hakukosi kijana mwenye simu anayesema, "Tuiachie akili bandia ituandikie barua ya kuomba mkopo." Si vibaya. Lakini kila kibarua hula, na huyu hula umeme na maji. Hebu tupige hesabu.

Kazi yenyewe kwa kawaida haifanyiki ndani ya simu. Hufanyika katika kompyuta nyingi zilizo mbali, kwenye majumba yaitwayo vituo vya data. Huwaka usiku na mchana, hutoa joto jingi, na vituo vingi huzipoza kwa maji. Mwaka 2025 kampuni ya Google ilieleza kuwa swali moja la kawaida kwa msaidizi wake, Gemini, hutumia umeme wa kuwasha balbu ya wati 9 kwa dakika moja na nusu hivi, na matone kama 5 ya maji.

Ni kidogo, sivyo? Lakini wako wasaidizi wanaojiendesha wenyewe. Ukimwambia mmoja atafute bei za mbegu, alinganishe, kisha ajaze fomu, yeye husoma, hujiuliza, hurudia. Agizo moja huzaa maswali mengi. Haba na haba hujaza kibaba: mwaka 2024 vituo vya data vya dunia nzima, kwa kazi zao zote, vilitumia kama asilimia 1.5 ya umeme wote. Shirika la Kimataifa la Nishati lakadiria matumizi hayo yatakuwa takriban maradufu ifikapo 2030.

Basi tukatae? La. Hapa Kwale vifaa vidogo vilifungwa kwenye mikono ya pampu za visima, vikawa vinatuma habari kwa njia ya simu. Pampu iliponyamaza, fundi alijua, na akina mama hawakukaa siku nyingi wakifuata maji mbali. Umeme kidogo, faida kubwa. Hicho ndicho kipimo chetu.

Tunashauri hivi:

1. Kubalianeni kwanza mnataka nini, ndipo muulize, mara moja.
2. Hesabu za michango fanyeni kwa daftari na kikokotoo.
3. Msaidizi anayejiendesha apewe kazi inayookoa nauli au siku nzima. Akimaliza, mzimeni.

Dunia ni ya Mungu, sisi ni watunzaji tu. Lijadilini jambo hili kwenye mkutano wenu ujao.