Cheti cha Kazi Kwanza, CV Baadaye

Kolwezi imejaa watu wanaoijua kazi ya mgodi. Migodi ya KCC na COMMUS iko mlangoni petu, ya Kamoa-Kakula na Mutanda haiko mbali. Lakini CV nyingi za vijana wetu zinafanana: jina, shule, diploma ya Serikali, kisha "mchapakazi, mwaminifu, niko tayari kwa kazi yoyote". Maneno hayo hayamwambii mwajiri lolote, kwa sababu hana njia ya kuyahakiki.

Kinachohakikiwa ni cheti cha kazi. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 79, inamlazimisha mwajiri kukitoa mkataba unapokwisha. Cheti hicho hutaja aina ya kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba yako ya usalama wa jamii. Zaidi ya hayo mwajiri haruhusiwi kuongeza neno. Kwa hiyo hata mkiachana kwa ugomvi, bosi hana ruhusa ya kuandika humo kwamba ulikuwa mkaidi. Inaniuma kuona watu wakipokea malipo ya mwisho na kuondoka bila karatasi hiyo, kisha miaka yao ya jasho inakosa ushahidi.

Walioajiriwa na kampuni za sous-traitance, yaani wakandarasi wadogo, wawe waangalifu zaidi. Ulipita lango la mgodi mkubwa kila asubuhi, lakini mkataba wako ulisainiwa na kampuni nyingine. Ukiandika jina la mgodi peke yake, ofisi ya RH, yaani ya rasilimali watu, itauliza, haitakuona kwenye orodha, nawe utaonekana mwongo. Taja mwajiri wako, kisha taja mgodi ulikofanyia kazi.

Na mchimbaji wa mkono, creuseur wa Kasulo, aandike nini? Aandike kazi yenyewe. Kuimarisha shimo lisiporomoke, kutenganisha malakiti na heterojeniti kwa macho, kupima uzito na kuweka hesabu ya magunia: huo ni ujuzi. Kadi ya mchimbaji na uanachama wa koperative ndiyo ushahidi wake.

Barua, ile lettre de motivation, isirudie CV. Ukurasa mmoja wa Kifaransa safi unatosha. Soma tangazo, chagua mambo mawili wanayoyataka, uonyeshe ulipoyafanya. "Niliendesha lori la benne miezi 14, zamu ya usiku, bila ajali" ina nguvu kuliko aya nzima ya kujisifu. Lakini iandike ikiwa ni kweli tu, maana kwenye mtihani wa usukani uongo hudumu dakika chache.

Ikiwa mkataba wako umekwisha na huna cheti, rudi ukakidai wiki hii, ukiwa na nakala ya mkataba na karatasi za mishahara. Wakikataa, nenda kwa mkaguzi wa kazi.