Ukipatwa na Jambo Wakati wa Mitihani: Kweli na Uongo wa Kuahirisha

Mitihani ya muhula inapokaribia, huku kwetu kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo mjini hakukosi kijana aliyepatwa. Baba kalazwa, mama kafariki, nyumba imeingia maji ya masika, au yeye mwenyewe yuko hoi na homa. Hapo ndipo washauri wanapojaa. Kila mmoja ana mfano wa binamu yake aliyesoma Mlimani, kila mmoja ana hakika, na mengi wanayosema ni hatari. Nimeyakusanya yale yanayorudiwa zaidi, kwa sababu naamini vijana wetu wengi hawaangushwi na msiba wenyewe. Wanaangushwa na kunyamaza.

"Ukifiwa, nenda kazike. Chuo kitaelewa tu."

Uongo, na huu ndio uongo unaoumiza kuliko wote. Chuo hakielewi kisichoambiwa. Kanuni za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na za vyuo vingi vilivyofuata mkondo wake, zinasema kwamba mtahiniwa asiyetokea kwenye mtihani bila sababu ya lazima anaondolewa masomoni. Kwa lugha ya wanafunzi, amedisko. Angeingia akaandika jina na kutoka, huenda angepata sapu, yaani mtihani wa marudio. Kutokuonekana kabisa, bila ruhusa, kunahesabiwa kuwa ni kutoroka mtihani.

Lakini mtu yuleyule, kwa msiba uleule, akiwa amepeleka taarifa na kupata kibali cha kuahirisha, hupangiwa mtihani maalumu. Kinachowatenganisha wawili hawa ni barua ya ukurasa mmoja. Jeneza likiwa sebuleni huwezi kuandika barua, najua. Mtume mwenzako wa darasani, kaka, dada au kiongozi wa serikali ya wanafunzi, apeleke taarifa kwa mkuu wa idara au kwa Mshauri wa Wanafunzi siku hiyohiyo. Vielelezo vitafuata.

"Mtihani maalumu ni sapu iliyopewa jina zuri."

Uongo. Watu wanachanganya kwa sababu mara nyingi mitihani hii miwili hufanyika kipindi kimoja, kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza, na pengine ndani ya chumba kimoja. Sapu ni ya aliyefeli, na kwa kawaida hata akifaulu vizuri vipi alama yake haivuki C. Mtihani maalumu ni wa ambaye hakufanya kwa idhini. Unahesabiwa kuwa ndiyo mara yake ya kwanza, kwa hiyo akipata A inabaki A. Kwa kijana anayetafuta daraja la kwanza, tofauti hii ni kubwa mno kuichukulia kwa mzaha.

"Jikaze ufanye. Ukifeli ndipo uwaeleze ulikuwa unaumwa."

Huu ni ushauri wa wazee wetu wenye mapenzi, waliofunzwa kwamba mtu mzima hujikaza. Siwalaumu. Hata hivyo, karatasi ikishakusanywa itasahihishwa kama nyingine zote, na ni vigumu sana kuirudisha nyuma kwa kusema ulikuwa na homa. Vyuo vingi vya Uingereza vimeliandika jambo hili waziwazi: ukiingia chumbani umetangaza kwamba una uwezo wa kufanya mtihani. Kwetu huenda lisiandikwe kwa maneno hayo, lakini mambo huendeshwa vivyo hivyo.

Ukizidiwa ukiwa ndani ya chumba, usitoke kimyakimya. Mwambie msimamizi, aandike kwenye ripoti yake, kisha upelekwe zahanati ya chuo ukaonwe saa hiyohiyo. Maandishi ya msimamizi na ya daktari yakibeba tarehe moja, hoja yako ina miguu miwili.

"Mhadhiri kanikubalia kwa simu, yameisha."

Nusu kweli. Kwa jaribio la darasani au kazi ya muhula, mhadhiri anaweza kukupangia siku nyingine. Mtihani wa mwisho wa muhula hauko mikononi mwake. Kibali hutolewa na kitivo na uongozi wa taaluma, nacho huja kwa maandishi. Ujumbe wa simu wenye pole nyingi si kibali.

"Wale hawajui mila zetu. Watataka kielelezo tusichonacho."

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wa pwani wanapokata tamaa mapema.

Kanuni za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu kuahirisha masomo zinataja mambo matatu: maradhi, matatizo mazito ya kijamii, na matatizo makubwa ya ufadhili. Hilo la pili halikufungwa kwa orodha. Kila shauri hupimwa peke yake. Maana yake mlango upo, ila wewe ndiye wa kueleza, maana anayesoma barua yako huenda alikulia Njombe au Bukoba na hajui kwamba huku bibi aliyekulea ndiye mama yako. Andika hivyo: "Marehemu ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka miwili." Kisha mwombe mwenyekiti wa mtaa au mtendaji athibitishe kwa barua yenye muhuri.

Maziko yetu ni ya haraka. Mtu hufa alfajiri akazikwa alasiri, na cheti cha kifo cha RITA, wakala wa usajili, hakiwezi kuwa kimetoka. Kuna hati inayotangulia cheti, nayo ni tangazo la kifo. Aliyefia hospitali, hospitali huitoa. Aliyefia nyumbani, hupatikana kupitia mtendaji wa eneo. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, kwa hiyo kulifuatilia hilo mapema kunaisaidia familia nzima, hata katika mirathi.

Na mvuvi aliyepotea baharini? Mlingotini, Kaole na Dunda wanajua uchungu wa chombo kisichorudi. Hakuna mwili, hakuna kaburi, na mtoto yuko chuoni hajui aandike "amefariki" au "hajulikani alipo". Aandike ukweli kama ulivyo. Familia itoe taarifa polisi na kuchukua namba ya taarifa hiyo, na uongozi wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari pale diko lilipo uandike lini chombo kiliondoka na nani walikuwamo. Karatasi hizo mbili zinasaidia kuonesha kwamba kijana hawezi kukaa na kalamu.

Kisha kuna eda. Mwanafunzi Mwislamu aliyefiwa na mume hukaa miezi minne na siku kumi, na akiwa mjamzito eda yake huisha anapojifungua. Miezi minne na siku kumi ni karibu muhula mzima. Kwa hiyo, kwake kuomba mtihani maalumu peke yake hakutoshi. Vipindi na majaribio pia vitampita. Anachohitaji ni kuahirisha masomo, na aombe hilo kwa jina lake tangu mwanzo. Wapo pia masheikh wanaoruhusu mjane kutoka mchana kwa haja ya lazima. Amuulize sheikh wake kabla ya kuamua, maana wengine wangeweza kuendelea na masomo na hawakujua. Chochote atakachochagua, barua ya imamu wa msikiti pamoja na tangazo la kifo ni vielelezo vinavyofaa kuambatishwa.

"Karatasi ya daktari yeyote inatosha."

Uongo. Vyuo hutaka taarifa ya hospitali inayotambulika, na mara nyingi huipitisha kwa mganga wa chuo aithibitishe. Taarifa iseme uliumwa lini hadi lini na kwa nini huwezi kufanya mtihani. Ile ya "mgonjwa apumzike" haibebi uzito. Ukitibiwa Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo ukiwa likizo au ukiuguzwa nyumbani, omba taarifa kabla hujaruhusiwa, kwa sababu kuifuata baadaye ni nauli na foleni. Karatasi ya kununua mtaani ni kughushi, na hilo ni kosa la jinai. Chuo kikipiga simu hospitali mara moja tu, umepoteza masomo na umejiingiza kwenye kesi.

"Kukosa ada si sababu."

Inategemea unaomba nini. Kuomba mtihani maalumu kwa kuwa hujalipa ada ni kugonga ukuta. Kuahirisha masomo kwa sababu mfadhili amekufa au ameshindwa kunakubalika chini ya lile jambo la tatu nililolitaja. Ila usisubiri mlango wa chumba cha mtihani ufungwe usoni mwako. Katika kanuni hizo za Dar es Salaam, theluthi mbili za mwaka wa masomo zikishapita, ruhusa haitolewi ila kwa hali ya pekee kabisa, na mtu hawezi kukaa nje zaidi ya miaka miwili akarudi kuendelea alipoishia. Anayesoma Marian pale Bagamoyo, Ardhi au kwingineko afungue kitabu cha kanuni za chuo chake, maana tarehe na hesabu hutofautiana.

"Ukiahirisha, bumu linaendelea kuingia."

Uongo. Bumu ni fedha za mkopo za kujikimu, na Bodi ya Mikopo humlipa aliyesajiliwa na anayesoma. Kuahirisha kunataka pia barua ya kukubali kutoka kwa mfadhili, na kwa wengi wetu mfadhili ni Bodi hiyo. Pita dawati la mikopo la chuo kabla hujafunga mizigo, ili ijulikane kwamba umesimama kwa ruhusa. Aliyeondoka bila kuaga, akirudi hupata kazi ya ziada ili mkopo wake uendelee tena.

"Nikieleza, siri yangu itazagaa chuo kizima."

Hofu hii naiheshimu. Wapo walioteswa na wenza, wapo wenye maradhi ya akili, wapo waliotokewa na mimba isiyotarajiwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na chuo nacho kinabanwa nayo. Unaweza kumweleza Mshauri wa Wanafunzi au mganga wa chuo peke yake, ukaomba barua inayokwenda kitivoni iseme tu kwamba sababu imethibitishwa kiafya. Kuhusu mimba, lile katazo lililowafukuza wasichana lilikuwa la shule za msingi na sekondari, na serikali ililiondoa Novemba 2021. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayekaribia kujifungua aombe kama anayeomba kwa sababu ya afya.

"Ukionewa huruma utaongezewa maksi."

Uongo. Unapewa muda.

Kwa hiyo mzazi, kijana akikupigia simu akilia, mpe pole, halafu muulize: "Chuo umekiambia?" Nawe kijana, andika barua yako kabla ya siku ya mtihani, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo mwenyewe.